KAZI ZA SERIKALI ZIFANYWE NA NANI?

*Hotuba ya ndugu yetu wa gengi la reli, aliyoitoa mbele ya wafanya kazi wa barabara pale Lodwar na kuirudia Kakuma. Twaichapa kama alivyoisema Kakuma, kwa faida ya wanachama wasioweza kufika.*



Mimi si mwanasiasa wala si injinia. Ni mtu wa gengi la reli, kazi yangu ni nyundo, sururu na mataruma. Shule yangu ilikuwa ya msingi, ya misheni, basi mkisikia nataja Biblia msishangae, kwa maana ndicho kitabu tulichojifunzia kusoma.

Labda mwauliza mtu wa reli amefuata nini Turkana, mahali pasipo na reli hata futi moja. Ni kweli. Mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 una reli ya kupita huku kwenda Juba, lakini hata leo reli hiyo twaiona katika ramani tu. Mimi nimekuja kwa sababu jambo ninalotaka kusema ni moja kwa mtu wa reli na kwa mtu wa barabara.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali ikitaka kujenga barabara, shule, kisima au daraja, ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kuita makontrakta, kila mmoja akatoa bei yake, na mmoja akapewa kandarasi. Njia ya pili ni serikali kuifanya kazi yenyewe, kwa mainjinia wake, mafundi wake, greda zake, na vibarua inaowaandika na kuwalipa kwa mkono wake. Ndugu zetu wa Tanzania huiita njia hii ya pili "fosi akaunti". Wazee wetu waliijua kwa jina la P.W.D.: lori la serikali, foromani wa serikali, mahema kando ya barabara, na gengi la watu wenye makarai na mabeleshi.

Nataka tuulizane: njia ipi inatufaa sisi wafanya kazi, na ipi inaifaa nchi? Tena nataka tuulizane bila ushabiki. Wengine wakisikia neno kontrakta huona mwizi, na wengine wakisikia neno serikali huona uvivu. Mambo si mepesi hivyo.

SHERIA INASEMAJE

Kwanza ifahamike kwamba serikali kujijengea si jambo la haramu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 inaitambua njia hii katika kifungu cha 109. Yafaa itumiwe, mathalani, pale kazi ni ndogo ndogo na zimetawanyika, au ziko mahali pa mbali ambapo makontrakta wenye sifa hawatakuja kwa bei ya haki. Yafaa pia pale kiasi cha kazi hakiwezi kupimwa mapema, au pale pana dharura.

Ndugu zangu, nilipoelezwa kifungu hiki nilidhani aliyekiandika alipata kulala Oropoi au Letea. Kazi ndogo ndogo, zimetawanyika, tena mbali! Hiyo ni Turkana yote.

HESABU YA DRIFTI

Tuchukue mfano ambao kila mtu hapa anaujua. Laga hukaa kavu mwaka mzima, mbuzi wapita, watoto wachimba maji mchangani. Siku moja mvua yanyesha milimani, hapa kwetu hata wingu hakuna, na maji yaja kama ukuta. Asubuhi drifti ya zege imechimbwa upande mmoja, na lori la unga limekwama ng'ambo. Ni kazi ya nini hiyo? Ni kazi ya mawe, waya, saruji, mchanga ambao tayari uko pale pale, na watu labda 15 kwa majuma mawili.

Kontrakta akiitwa kwa kazi hiyo atahesabu nini? Atahesabu kuleta mashine kutoka Kitale, karibu kilomita 300 hadi Lodwar, na kuzirudisha. Atahesabu kambi, walinzi, na chakula cha watu wake. Atahesabu faida yake, na hiyo ni haki yake, hakuna mtu afanyaye biashara bila faida. Kisha ataongeza kitu kingine kisichoandikwa popote, yaani hasara ya kungoja malipo. Ajua ya kuwa serikali huchelewa kulipa, naye amekopa benki, na riba haichelewi. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilichukua shilingi 7 katika kila shilingi 25 za ushuru wa barabara unaotozwa kwa kila lita ya mafuta, ikaziweka rehani ili ipate kiasi cha shilingi bilioni 175 za kuwalipa makontrakta wa barabara waliokuwa wakidai. Fedha hizo za mbele zimekwisha kuliwa na kazi za nyuma.

Na kabla ya hayo yote yapo majuma ya kutangaza zabuni, kufungua barua, kupinga na kupingwa. Lori la unga liko ng'ambo bado.

Lakini kama liko gengi la serikali Kakuma, lenye foromani, trekta na tela, saruji stoo, na watu wanaoijua laga ile kwa jina, kazi huanza maji yakishuka tu. Sisi wa reli twalijua jambo hili sana. Gengi la reli hulinda urefu wake. Watu wake wajua kalvati ipi huziba, wajua kokoto hushuka wapi, na treni ikipita husikia kwa sikio kwamba taruma moja limelegea. Ujuzi huo haununuliwi kwa zabuni. Hupatikana kwa mtu kukaa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka.

YALIYONIPATA MIMI

Kabla ya kuingia reli nilifanya kazi kwa kontrakta mdogo. Sitamtaja, wala sitataja mahali. Tulijenga madarasa. Huyo kontrakta mdogo alipewa kazi na kontrakta wa kati, na wa kati alipewa na mkubwa aliyesaini na serikali. Tulifanya majuma sita bila ujira. Tukimwuliza mdogo, asema, "Wa kati hajanilipa." Tukimwendea wa kati, asema, "Mkubwa hajanilipa." Mkubwa hatukumwona hata siku moja. Siku moja twaja kazini, twakuta banda la kontrakta limefungwa na yeye ameondoka usiku. Madarasa yamesimama hata leo na watoto wasoma ndani. Ujira wa majuma sita umo katika kuta zile.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kandarasi ikigawanywa mara tatu, faida huchukuliwa mara tatu, na mtu wa mwisho mwenye karai hana wa kumshika.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana chama kikisema uongo kwa wanachama wake hakifai. Baadaye niliandikwa kibarua na idara moja ya umma, nayo pia sitaitaja. Nilifanya miezi minne bila barua. Siku moja chuma kiliniangukia mguuni, kidole kikavunjika. Nilipokwenda kudai fidia niliambiwa jina langu halimo kitabuni, ya kwamba mimi ni wa kutwa tu, kila jioni nimeachishwa na kila asubuhi nimeandikwa upya. Kwa hiyo msidhani ya kuwa serikali ikiwa tajiri wenu, taabu zimekwisha.

MAMBO YALIYOKWISHA KUONEKANA

Tutazame wengine walifanyaje.

Reli ya zamani, ile ya Mombasa hadi Kisumu, ilijengwa na serikali ya Uingereza yenyewe chini ya kamati na injinia wake mkuu, haikupewa kontrakta mmoja aijenge. Ilianza mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, maili 582. Gharama ilipita makisio, kutoka pauni milioni 3 ikafika zaidi ya milioni 5. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 wao walikufa. Basi kazi ya serikali yenyewe yaweza kujenga kitu kikubwa, na yaweza pia kuua watu wengi. Tena katika ukoloni machifu walipewa nguvu za kuwatoa watu wakatengeneze barabara bila ujira. Wazee wetu waliita kazi ya serikali "kazi ya nguvu", nao walikuwa na sababu.

Baada ya Uhuru ikaonekana njia nyingine. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa barabara za vijijini chini ya Wizara ya Ujenzi. Watu waliandikwa kutoka mashamba yaliyo karibu na barabara, wakapewa jembe, sururu, karai na toroli, na matrekta yakabeba changarawe. Katika muda wa miaka 12 hivi zilitengenezwa kiasi cha kilomita 8,000. Na barabara ilipokwisha, mmoja wa wale waliojenga alipewa kipande cha kilomita moja au mbili karibu na nyumbani kwake akitunze, asafishe mifereji, azibe mashimo, kwa siku chache kila juma. Hilo ni gengi la reli kabisa, limehamia barabarani! Lakini mpango ule ulikuwa hasa wa nchi za mashamba. Huku kwetu haukutufaa sana.

Huku Turkana barabara ya Kitale hadi Lodwar ilitiwa lami miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 Kenya na Norway wakagombana, msaada ukakatika. Kisha kuanzia mwaka 1993 serikali ikaanza kupunguza watumishi wake, na watu wengi wa kazi za mikono wakaenda nyumbani. Lami ilibaki bila mtu wa kuitazama. Waliosafiri kwa lori kutoka Kitale wajua yaliyotokea: madereva waliiacha lami wakapita pembeni mchangani, maana mchanga ulikuwa laini kuliko mashimo. Lami ya miaka mingi iliharibika kwa kukosa watu wenye beleshi.

Sasa barabara kuu imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kwa mikono ya makontrakta, wengi wao wa China. Siilaumu kazi hiyo. Gengi la karai haliwezi kujenga barabara kuu ya mamia ya kilomita wala daraja la mto Turkwel. Kazi kubwa yataka kampuni kubwa, na tuseme hivyo wazi. Swali langu ni hili: kontrakta akisha kuondoka na mashine zake, nani ataziba shimo la kwanza? Maana shimo la kwanza likizibwa na mtu mmoja kwa nusu saa, halizai mengine. Mvua kubwa ya Novemba 2019 iliua watu wengi Pokot Magharibi na kuikata barabara ya Kitale, ikatuonyesha kwamba njia ni moja tu.

Katika reli, mwaka 2006 kazi ya kuendesha njia ya zamani ya Kenya na Uganda ilitolewa kwa kampuni kwa mkataba wa miaka 25. Wafanya kazi maelfu walipoteza kazi. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, miaka 14 kabla ya wakati wake. Kisha mwaka 2020 Shirika la Reli, pamoja na vijana wa N.Y.S. na wanajeshi, lilifufua reli ya Nairobi hadi Nanyuki kwa gharama iliyotajwa ya shilingi bilioni 1.8. Ikafuata ile ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, kwa shilingi bilioni 3.8, na mwezi Desemba 2021 abiria wakapanda tena treni kwenda Kisumu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa kandarasi ya kampuni ya China, iligharimu shilingi bilioni 327. Najua kutengeneza reli ya zamani si sawa na kujenga mpya, basi msilinganishe bei hizo kama viazi sokoni. Lakini tumeona ya kuwa watu wa nchi hii wakipewa vyuma na kokoto, wanaweza.

Tanzania wameitumia njia hii kuliko sisi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwapa Wakala wa Majengo, ambao ni wa serikali, kazi ya kujenga mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa shilingi bilioni 10 za Tanzania. Yalifunguliwa Aprili 2017, majengo 20, wanafunzi 3,840. Watu walisifu bei. Kabla ya mwaka kwisha zikaonekana nyufa, na wajenzi wakajibu ya kuwa ni viungo vilivyoachwa makusudi. Sisi si wataalamu wa kuamua. Ninachojua ni kwamba aliyejenga ndiye aliyetoa jibu, na jibu la mjenzi juu ya ukuta wake mwenyewe halimtoshi mtu aliyelala chini yake. Kisha mwaka 2021 walipata mkopo wa kupambana na UVIKO, wakajenga madarasa 15,000, mengi kwa fosi akaunti. Mafundi wa vijijini walipata kazi. Walimu wakuu nao walijikuta wakinunua saruji na mabati badala ya kufundisha.

Uganda kuanzia mwaka 2012 iliwaagiza watu wa wilaya wazitunze barabara zao wenyewe, wakapewa greda za China na baadaye za Japani. Malalamiko yaliyosikika huko ni haya: greda ipo, lakini fedha za mafuta na vipuri ni haba, na mashine moja yagombaniwa na wengi.

UBAYA WA NJIA HII

Kwa hiyo ndugu, ubaya wa serikali kujijengea nauweka katika mambo manne.

La kwanza ni mashine zisizo na mafuta. Greda inayokaa juu ya mawe yadi mwaka mzima kwa kukosa tairi ni ghali kuliko kontrakta yeyote.

La pili ni hesabu ya uongo. Mkubwa atasema, "Tumejenga kwa nusu ya bei," kumbe hakuhesabu mishahara, wala mafuta, wala kuchakaa kwa lori. Biblia yatwambia habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti akae kwanza ahesabu gharama. Tuhesabu yote.

La tatu ni majina hewa. Kontrakta huiba katika saruji, mtumishi mbaya huiba katika kitabu cha majina. Kashfa ya N.Y.S. ya mwaka 2015, ya shilingi milioni 791, ilitufundisha ya kuwa idara ya umma nayo yaweza kuliwa kutoka ndani. Vijana waliochimba mifereji hawakuona hata senti ya fedha hizo.

La nne ni kukosa wa kumshika. Kontrakta akijenga vibaya ana dhamana, aweza kunyimwa fedha yake ya mwisho. Idara ikijijengea vibaya, nani atainyima?

SWALI LA MAMA WA LODWAR

Nilipofika hapo katika mkutano wa Lodwar, mama mmoja alisimama. Ni mpiga kokoto, mikono yake yaonyesha. Akasema, "Mwanangu, kontrakta akininyima ujira wangu naenda kwa serikali kulia. Sasa wewe wataka serikali iwe tajiri wangu. Akininyima yeye, nitamlilia nani?"

Mkutano wote ulinyamaza, na mimi pia. Ni swali lililo sawa kabisa, na usiku ule nililala nikiliwaza. Jibu langu leo ni hili.

Mama, utalia kwa wenzako kwanza. Kontrakta huondoka usiku, kama yule wangu alivyofanya. Serikali haiwezi kuondoka usiku. Ofisi yake iko pale pale kesho, na kesho kutwa, na watu 200 wakikaa kivulini mbele ya ofisi hiyo na kitabu chao cha chama mkononi, watasikiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma, wala haikusema isipokuwa wa serikali wa kutwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi, au akiwekwa katika kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu, si wa kutwa tena, ahesabiwe kama wa mshahara wa mwezi. Mimi nilipovunjika kidole sikuijua sheria hii. Ningaliijua, nisingalikubali kuambiwa ya kuwa huandikwa kila asubuhi kama mgeni.

Lakini sheria peke yake ni kama sururu isiyo na mpini. Mpini ni chama.

KAZI YA KIPANDE NA WAGENI WETU

Mambo mawili zaidi yanahusu sana Kakuma.

La kwanza ni kazi ya kipande. Nchi hii ni ya joto, na watu wana mifugo. Kumpa mtu kipande kilichopimwa, aanze alfajiri, amalize kabla ya saa sita na aende kwa mbuzi wake, ni jambo jema. Lakini jihadharini. Foromani akiona watu wamaliza saa nne, juma lijalo hurefusha kipande kwa ujira ule ule. Tena kipande cha mchanga si sawa na kipande cha mawe, wala si sawa na kung'oa mizizi ya mathenge. Kipande kipimwe mbele ya watu, na kikisha kukubaliwa kisibadilishwe bila mjumbe wa chama.

La pili ni ndugu zetu wakimbizi. Kambi hii ilianzishwa mwaka 1992, na leo kambi na Kalobeyei zina watu zaidi ya laki mbili. Humo mna waashi, mafundi wa vyuma, na madereva kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi. Kwa miaka mingi wamelipwa kitu kiitwacho insentivu, kidogo kuliko ujira wa Mkenya afanyaye kazi ile ile. Mturkana anasema, "Wanatunyang'anya kazi kwa kukubali kidogo." Mkimbizi anasema, "Ningependa kingi, sikupewa." Wote wawili wasema kweli, na mwenye kufaidi ni yule anayelipa kidogo. Maadamu mtu mmoja aweza kulipwa nusu kwa kazi ile ile, ujira wa mwingine hauna salama. Chama kiseme wazi: kazi sawa, ujira sawa, na kazi ya kulinda barabara ya kijiji ipewe kwanza watu wa kijiji hicho, yeyote akaaye humo.

TUNAYOTAKA

Basi naleta kwenu mambo saba myafikirie, na mkiyakubali yapelekwe kwa Kaunti na kwa idara za barabara:

1. Barabara kuu na madaraja makubwa yapewe makontrakta, lakini ujira wa vibarua uandikwe katika mkataba, na kontrakta mkubwa awajibike kwa madeni ya wadogo aliowaleta.

2. Matunzo ya barabara, drifti, mifereji, visima na madarasa madogo yafanywe na magengi ya serikali yaliyokaa mahali pake: Lodwar, Kakuma, Lorugum, Kerio, na kwingineko.

3. Kila mtu wa gengi apewe barua, na akipita mwezi ahesabiwe wa mwezi kama sheria isemavyo, na akiumia alipwe kama sheria ya fidia ya mwaka 2007 isemavyo.

4. Kitabu cha majina kisomwe kwa sauti kila siku ya malipo mbele ya watu. Jina lisiloitikiwa na mtu mwenye miguu, lifutwe.

5. Mafuta, tairi na vipuri vitengwe katika bajeti kabla greda haijanunuliwa. Na vijana wa hapa, wasichana pia, wafundishwe kuziendesha.

6. Mkaguzi wa kazi asiwe mtu wa idara iliyojenga, na hesabu ya kila kazi ibandikwe ubaoni, mishahara na mafuta ndani yake.

7. Maji ya kunywa, viatu na kivuli viwe vifaa vya kazi, kama beleshi lilivyo kifaa cha kazi.

Ndugu zangu, namaliza. Misheni tulisoma habari za Nehemia na ukuta wa Yerusalemu. Hakumwita kontrakta. Wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba yao, na ukuta ulikwisha kwa siku 52. Mwalimu wetu alikuwa akiishia hapo, nasi tukapiga makofi. Nilipokuwa mtu mzima niliisoma habari yote mwenyewe. Kumbe katikati ya ujenzi kulikuwa na kilio kikubwa. Watu walisema, twajenga lakini watoto wetu wana njaa, na mashamba yetu yamewekwa rehani kwa ndugu zetu wenyewe. Naye Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa, akawalazimisha warudishe walichochukua, na yeye mwenyewe akakataa posho ya uliwali wake.

Basi kazi ya watu wenyewe ni njema. Lakini kilio cha wajenzi kisiposikiwa, ukuta huo ni wa wakubwa tu. Kusikiwa kilio ndiyo kazi ya chama, nayo haifanywi na kontrakta wala na serikali. Hiyo ni lazima tuifanye wenyewe, kwa mikono yetu na kwa ada yetu ya kila mwezi.

Umoja ni nguvu.